Namna ya Kuanza Kufunga na Kusali

Kila mwaka Kwarezima ikikaribia, makatekista wetu wa Kalemie wanarudi na ulizo lile lile: mtu asiyezoea kufunga aanze namna gani? Katika mwaka 2026 ulizo hili limekuwa zito zaidi, kwani Siku ya Majivu, tarehe 18 ya mwezi wa pili, na mwanzo wa Ramadani vimekaribiana sana. Mkristu anamwona jirani yake Mwislamu hanywi hata maji mpaka jua litue, naye mwenyewe ameambiwa kwamba kufunga kwa lazima ni siku mbili tu kwa mwaka. Ngambo ya njia kuna kanisa la uamsho, na kule wanatangaza siku saba, siku 21, bila chakula wala maji. Mkristu wetu anajiuliza kama Eklezia yake imesahau kufunga.

Haikusahau. Lakini sisi wenyi kufundisha mara nyingi tumetaja sheria tu, kiisha tumenyamaza.

Sheria yenyewe ni fupi. Kufunga ni lazima Siku ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wale waliotimiza miaka 18 mpaka waanze mwaka wao wa 60. Siku hizo mtu anakula mara moja kwa kushiba. Asubuhi na mangaribi anaweza kuonja kidogo, ndivyo alivyopanga Papa Paulo VI mwaka 1966. Maji hayakukatazwa. Kuacha nyama ni jambo jingine: ni kila siku ya tano ya juma, kwa wote waliotimiza miaka 14, isipokuwa sikukuu kubwa imeangukia siku ile, au maaskofu wa inchi wamepanga kitendo kingine cha toba.

Hapa naona haya kidogo, lakini nitasema. Kwa watu wa ziwa sheria ya kuacha nyama haiumi. Ilikomaa katika inchi ambako nyama ilikuwa chakula cha heshima. Kwetu mtu akipata mikebuka minono iliyokaangwa na mafuta ya ngazi, pamoja na bukari ya moto, anatafuta nyama ya nini? Akiacha nyama siku ya tano na kula mikebuka mitatu, hakuvunja sheria hata kidogo. Ila asiseme kwamba amejinyima kitu.

Wazee wetu walijua njaa ya namna nyingine. Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala mwaka 1885. Aliyetaka ubatizo alifanya miaka minne ya matayarisho, kama Kardinali Lavigerie alivyoagiza. Na baada ya ubatizo, kila aliyetaka kukomunika hakugusa chakula wala maji tangu usiku wa manane. Mwenyi kutoka kijiji cha mbali alitembea alfajiri na koo kavu. Katika desturi hiyo alilelewa Padri Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza wa nyakati zetu kupewa upadri, mwaka 1917. Papa Pio XII aliruhusu maji mwaka 1953, na mwaka 1957 akapunguza muda wa kufunga kuwa wa saa tatu. Mwaka 1964 Paulo VI akaufanya wa saa moja. Sisemi haya ili kuwasuta vijana kwa sifa za wazee. Nataka tuone neno moja: njaa ile ilikuwa na pahali pa kwenda. Walikuwa wanamngoja Bwana, na mwili wao ulijua kwamba unangoja.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Nilikuwa mseminari kijana, nikasikia kwamba Bwana wetu Yezu Kristu alifunga siku 40, nikaona aibu kufunga chini ya siku tatu. Sikumwambia mtu. Siku ya kwanza nilijisifu moyoni. Siku ya pili nilimkasirikia kila aliyekula mbele yangu. Siku ya tatu tulienda kulima, nikaanguka na jembe mkononi. Padri mlezi hakunigombeza. Aliniuliza tu: « Katika siku hizi tatu, umesali saa ngapi? » Nikakosa jibu, maana katika kikanisa nilikuwa ninasinzia. Akauliza tena: « Na chakula chako, nani amekila? » Kilikuwa kimerudi jikoni, na kutoka jikoni kimekwenda kwa nguruwe.

Maulizo yale mawili ndiyo ninayowapa makatekista, wala sijapata mengine bora. Katika Evanjili ya Mateo, sura ya sita, Bwana wetu anataja sadaka, sala na kufunga kwa kufuatana, kama vitu vya nyumba moja. Nabii Isaya, katika sura ya 58, anawakemea watu waliofunga huku wakiwagandamiza wafanyakazi wao. Anawaambia kwamba Mungu anataka wamgawie mwenyi njaa mkate na wamvike aliye uchi. Na Mtakatifu Petro Krisologo, askofu wa Ravenna katika karne ya tano, alifundisha kwamba vitu hivyo vitatu vina uhai mmoja: ukikitenga kimoja, viwili vinakufa.

Basi mwenyi kuanza achague siku moja, na siku ya tano ni nzuri kwa sababu ya mateso ya Bwana. Aache chakula kimoja tu, kile anachokula kila siku kwa hakika. Hakuna faida kuacha chai ya asubuhi ikiwa hainywi siku nyingine. Anywe maji, kwani jua la Kalemie halina huruma. Saa ile ile ambayo angekula, akae mbele ya Mungu: kanisani kama ni karibu, ama chini ya mti, ama chumbani. Asome kipande cha mateso ya Bwana, polepole, kiisha anyamaze. Nusu saa inatosha. Tumbo litalia, asiliogope, bali alitumie kama kengele ya kumwita arudi katika sala. Na chakula kile, ama franka zake, kitoke nyumbani siku ile ile kwenda kwa mtu mwenyi jina na uso. Wengine huahidi kutoa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi kuna madeni.

Wengi wanakosea juu ya siri. Yezu alituambia tusifunge ili tuonekane na watu; hakusema tumdanganye mama wa nyumba. Yule aliyetwanga muhogo na kupika sombe tangu asubuhi, kiisha anaona sahani haikuguswa, anaumia bure. Amwambie mapema, kwa sauti ya chini, hata watoto wasijue. Siku nyingine mke mwenyewe atasema: tufunge wote wawili. Hapo nyumba imepata sala ambayo padri hakuiamuru.

Usishangae kama siku ile unakuwa mkali. Njaa haileti hasira mpya; inafunua ile iliyolala chini ya shibe. Umpelekee Mungu hasira ile katika nusu saa yako, maana ni habari ya kweli juu ya moyo wako. Yohane Kasiano, aliyekaa na wamonaki wa Misri, aliandika kwamba kufunga kupita kiasi kunamwangusha mtu sawa na ulafi. Wazee wa jangwa waliona afadhali kula kidogo kila siku kuliko kukaa siku nyingi bila kitu na kiisha kujaza tumbo. Kwa hiyo mwenyi kuanza asipite siku moja bila shauri la padri anayemwongoza, na siku ya Mungu asifunge, kwani ni siku ya Ufufuko.

Sasa niseme wazi juu ya hatari. Mwanamke mwenyi mimba ama anayenyonyesha, mgonjwa wa kifua kikuu, wa sukari, kila anayekula dawa: hao wasifunge chakula. Katekista akisikia mtu ameacha dawa ili afunge na kuombewa, aende kwake leo, asingoje siku ya Mungu. Mvuvi anayevuta nyavu usiku kucha na mpakizi wa mizigo bandarini waende kwa paroko wao; kanoni 1245 inampa uwezo wa kuwaondolea sharti ama kuligeuza kuwa tendo jingine. Tena wavuvi wa taa hawatoki sana wakati mwezi unapong'aa. Juma lile wako nyumbani, wanaweza kuchagua siku yao humo. Na mtoto asinyimwe chakula kamwe kwa sababu wamesema ana uchawi. Hiyo si kufunga. Ni kumtesa mtoto, na mkristu anayenyamaza mbele yake ana kosa.

Linabaki ulizo ambalo linanisumbua kila mwaka. Vita ya Watwa na Waluba, hasa katika miaka 2016 na 2017, ilileta maelfu ya wakimbizi Kalemie. Tangu mwaka 2020 ziwa limepanda na kumeza nyumba za pwani. Katika mitaa hiyo kuna watu wanaokula mara moja kwa siku, na siku nyingine hapana. Tuwahubirie kufunga?

Mimi sithubutu. Kufunga ni zawadi, na zawadi hutoka katika kitu ambacho mtu anacho. Njaa aliyotupiwa mtu na vita si kufunga, na tukiiita kufunga tunawapa wenyi kushiba ruhusa ya kulala. Kwao kazi ya Kwarezima ni yetu sisi: chakula chetu kile cha siku ya tano kiende kule. Lakini tusiwanyime heshima ya kutoa. Mtu asiye na bukari anaweza kuacha pombe, anaweza kuacha neno la kisasi juu ya kabila lililomfukuza. Hilo la pili ni gumu kuliko siku 21 bila maji, na nimesikia katika maungamo watu wanaolijaribu.

Kwa wakatekumeni, tushike desturi ya zamani kabisa. Kitabu kiitwacho Didake, cha nyakati za karibu na Mitume, kinaagiza kwamba mwenyi kubatizwa afunge siku moja ama mbili kabla, na yule atakayembatiza afunge pamoja naye, na wengine wanaoweza. Basi siku ya Posho Takatifu katekista asiwatume wanafunzi wake kufunga peke yao. Awakusanye, asali nao, akae na njaa pamoja nao mpaka Misa ya usiku. Na sufuria ya kesho yake ipangwe mapema, ili hata yule aliyetoka kambini apate sahani yake, katekista akiketi karibu naye.