Kabete si jalala la waliokosa udaktari

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani alinijia akiwa amekunja uso. "Mwalimu," akasema, "nimetupwa Kabete." Alikuwa ameomba kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akapangiwa kilimo. Nilimpa pole, kisha nikajuta. Kwa pole ile nilikiri mbele yake kwamba kilimo ni msiba.

Kosa hili ni letu sisi walimu na wazazi. Tunawaimbia watoto jina la chuo bila kuwaeleza kilichomo ndani yake. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka wa 1956 kama chuo cha ufundi, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam, na mwaka wa 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Leo sayansi hufundishwa Chiromo, sheria Parklands, ualimu Kikuyu, biashara Lower Kabete, utabibu kando ya Hospitali Kuu ya Kenyatta, na kilimo Upper Kabete. Ni wangapi hujaza fomu wakiyajua haya? Wengi hutazama alama, wakasikiliza majirani, wakaandika.

Wanaodhani masomo ya wanyama na ardhi ni ya walioshindwa wamkumbuke marehemu Profesa Wangari Maathai. Alipata shahada ya uzamifu chuoni humo mwaka wa 1971, akafundisha anatomia ya wanyama, na mwaka wa 2004 akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Sisemi kwamba ajira zinawangoja wahitimu wa kilimo mlangoni. Lakini udaktari nao si kinga: mwaka wa 2024 madaktari waligoma, na miongoni mwa malalamiko yao ni kucheleweshwa kwa madaktari wanagenzi kupelekwa kazini.

Walimu wenzangu, tuwapeleke wanafunzi wayaone mabewa hayo kabla ya kuchagua. Tuwaalike wahitimu wa kila taaluma waje shuleni, si mawakili na madaktari pekee.

Kijana yule alikwenda Kabete. Aliponipigia simu majuzi hakutaja kutupwa. Alinieleza kwa nini majani ya mahindi hugeuka manjano udongo unapokosa rutuba, na linalopasa kufanywa. Nilimsikiliza kwa makini kama mwanafunzi, kwani mahindi yangu yako hivyo hivyo.