Je, Wajua? Mwamba Unapoachia Njia

Twende kusini-magharibi mwa Pennsylvania, Marekani. Je, wajua kuwa huko kuna mashamba yenye utajiri wa ghorofa mbili? Mita 200 au 300 chini kuna makaa ya mawe. Ukipita kilomita 2 unakuta mwamba wa Marcellus uliojaa gesi. Kisima cha gesi hakina ujanja, lazima kitoboe makaa kwanza!

Kipande kimoja cha makaa kinachochimbwa huko kina upana wa mita 300 hadi 450 na urefu wa kilomita 3 na ushee. Mihimili ya chuma inashikilia dari, kila mmoja ukihimili mamia ya tani. Mashine ya kukata makaa ikisonga mbele, mihimili nayo inasonga, na dari ya nyuma inaachwa iporomoke. Ndiyo, kwa makusudi!

Tabaka lenyewe la makaa lina kimo cha mita 2 hivi tu. Lakini huko juu, penye nyasi, ardhi hushuka zaidi ya mita 1.

Sasa tega sikio. Mwamba uliokuwa umebana hupasuka, gesi na maji yakapata njia. Ufa ukipanuka mara 2, unadhani kinachopita huongezeka mara 2? Thubutu! Mara 8. Ukipanuka mara 10, mara 1,000!

Je, wajua kuwa katikati ya kifusi nyufa hubanwa tena na uzito wa mwamba, ila kandokando hubaki wazi zaidi? Na kandokando ndiko ziliko nguzo za makaa zinazoachwa kulinda visima. Ukubwa wa nguzo hizo ulitokana na utafiti wa 1957, nusu karne kabla ya visima vya Marcellus kushamiri!

Watafiti wa NIOSH, taasisi ya usalama kazini ya Marekani, wanapimaje mwamba? Wanatoboa shimo, wanabadilisha kina cha maji ndani yake, kisha wanatazama yanavyorudi mahali pake. Kabla ya mgodi kupita, unapopita, na baada.

Wasiwasi wa nini? Kisima kikiharibika, gesi yake, ambayo hasa ni methani, inaweza kupenya hadi mgodini. Methani haina rangi wala harufu, na ikifika asilimia 5 hadi 15 ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua.

Na kipimo cha mwamba kupitisha maji au gesi ni darsi, kutokana na Henry Darcy, mhandisi Mfaransa aliyetangaza kanuni yake mwaka 1856. Gesi? Wapi! Alikuwa akihangaikia maji ya mji wa Dijon.