Ualbino: Hali ya Kurithi

Baadhi ya wafasiri hupenda kuuita ualbino «ugonjwa wa ngozi». Istilahi hiyo haifai. Msomaji aionapo hufikiria choa, ambacho huambukiza na huweza kunyonyoa nywele za watoto. Mwalimu naye aweza kumtenga mwanafunzi bure. Ualbino hauambukizi, bali hurithiwa. Kwa kawaida wazazi wote wawili huwa na jeni yake, ingawa ngozi zao ni nyeusi, na uwezekano katika kila mimba ni 1 kati ya 4. Twapendekeza «hali ya kurithi», istilahi iufaayo pia upara wa ukoo, ambao hatujasikia mtu akiukimbia. Ama «zeruzeru», neno la zamani, wahusika wengi huliona tusi. Tuandike «mtu mwenye ualbino».