Je, Wajua? Mkoba wa Kiunoni Ulitangulia Jinzi

Zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, mwanamume tunayemwita Ötzi alitembea na mkoba kiunoni. Mwili wake ulipatikana mwaka 1991 kwenye barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria. Mkanda wake wa ngozi ulikuwa umeshonewa kifuko. Ndani mlikuwa na vifaa vidogo vya mawe, msharasi wa mfupa na uyoga mkavu wa kuwashia moto.

Siku hizi ndani ya mkoba wa kiunoni mna simu, funguo na nauli. Ukivaa fulana na jinzi, upitishe begani badala ya kiunoni, ufupishe mkanda, mkoba ukae juu kifuani. Mweusi au wa kahawia hupatana na nguo nyingi. Usiujaze! Mkoba ukivimba, hata shati zuri hupoteza umbo.