Pikipiki ya umeme au gari la haibridi? Piga hesabu kabla ya kukopa

BEI mpya ya petroli hutangazwa kila tarehe 14 ya mwezi na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Kila inapopanda, swali lile lile huzuka katika vyama vya akiba na mikopo na katika vituo vya bodaboda: je, wakati umewadia wa kugeukia umeme?

Kwa mwenye fedha chache, njia zilizopo ni tatu. Kuna pikipiki au skuta ya umeme, gari la haibridi lililotumika ng'ambo, na gari linaloendeshwa kwa umeme pekee ambalo pia limetumika.

Aghalabu wanunuzi hulinganisha bei ya kununulia peke yake. Bei hiyo ni mwanzo tu wa hesabu. Mambo mawili ndiyo huamua iwapo mkopo utamfaa mtu au utamfilisi: idadi ya kilomita anazosafiri kwa siku, na ni nani atakayebeba gharama betri itakapochoka.

Hesabu ya safari

Chukua mfano wa mfanyakazi anayeishi Kitengela na kufanya kazi katikati ya jiji la Nairobi. Safari yake ya kwenda na kurudi ni takriban kilomita 60. Kwa siku 22 za kazi, hizo ni kilomita 1,320 kwa mwezi. Tuseme lita ya petroli ni Sh180 na uniti ya umeme nyumbani ni Sh30.

Gari la kawaida linalokwenda kilomita 12 kwa lita litamgharimu Sh19,800 za mafuta kwa mwezi. Gari la haibridi la kilomita 20 kwa lita, mathalani Toyota Aqua, litatumia Sh11,880.

Gari la umeme kama vile Nissan Leaf, likienda kilomita 6 kwa uniti moja, litatumia Sh6,600. Pikipiki ya umeme ya kilomita 25 kwa uniti, ikichajiwa nyumbani, itatumia chini ya Sh1,600.

Kwa hesabu hiyo, gari la umeme huokoa Sh5,280 kila mwezi likilinganishwa na la haibridi. Lakini iwapo bei yake inazidi ya haibridi kwa Sh400,000, itachukua zaidi ya miaka 6 kuifidia tofauti hiyo, kabla ya kuhesabu riba. Anayesafiri kilomita 20 pekee kwa siku atangoja karibu miaka 19, na betri haitamngoja.

Haibridi hunywa petroli

Wapo wanaodhani kuwa gari la haibridi huchajiwa ukutani. Aina iliyozoeleka nchini haichajiwi hivyo; nguvu zake zote hutokana na petroli. Betri hujazwa na injini, na pia na mota ambayo hugeuza mwendo kuwa umeme dereva anapokanyaga breki.

Ndiyo sababu gari hilo huokoa mafuta zaidi penye msongamano, ambapo injini huzimika na mota kulisukuma gari polepole. Anayesafiri kila mara kwenye barabara kuu iliyo wazi, kwa mfano kutoka Nairobi hadi Nakuru, hapati nafuu kubwa kiasi hicho.

Kanuni za nchi haziruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Maana yake ni kwamba betri ya gari linaloshushwa katika bandari ya Mombasa huenda tayari imetumika kwa miaka 7, na dhamana ya mtengenezaji kwa kawaida haimfikii mnunuzi wa Kenya. Ni busara kutenga fedha za betri tangu siku ya kwanza.

Katika Aqua, betri iko chini ya kiti cha nyuma na hupozwa kwa feni. Tundu la hewa lililo kando ya kiti hicho likizibwa na vumbi au mizigo, betri hupata joto na kufa mapema. Aidha, betri hiyo ina nguvu ya umeme inayoweza kuua, hivyo si kazi ya fundi asiyepata mafunzo.

Umeme na maegesho

Gari la umeme halihitaji kubadilishiwa oili ya injini, plagi wala klachi. Tena sehemu kubwa ya umeme wa Kenya, karibu asilimia 90, hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Serikali nayo ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari hayo kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka wa 2019.

Hata hivyo, gari hilo linamfaa mwenye maegesho yake na soketi karibu. Betri ya uniti 40 iliyoisha kabisa huchukua zaidi ya saa 12 kujaa kwenye soketi ya kawaida. Mpangaji wa ghorofa ya nne ambaye gari lake hulala barabarani atalazimika kutegemea vituo vya kuchajia. Iwapo gari limetoka Japani, sharti ahakikishe kwanza kuwa vituo hivyo vina plagi ya aina ya CHAdeMO.

Anayenunua Leaf iliyotumika atazame vistari 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi. Kila kistari kilichotoweka ni kilomita zilizopotea.

Pikipiki na betri ya kukodi

Kwa mhudumu wa bodaboda anayezunguka kilomita 120 kwa siku, pikipiki ya petroli ya kilomita 40 kwa lita hula Sh540. Hapo ndipo umeme hulipa haraka zaidi, kwa kuwa kilomita ni nyingi na chombo ni chepesi.

Lakini kampuni kadhaa huuza pikipiki bila betri. Mhudumu hubadilisha betri iliyoisha katika vituo vya kampuni na kulipia kila mara. Faida ni kwamba betri ikichoka, hasara si yake. Ubaya ni kwamba riziki yake imefungamana na vituo hivyo: vikiwa mbali, vikikosa betri zilizojaa au ada ikipanda, hana pengine pa kukimbilia.

Kwa mwenye familia, skuta haiwezi kuchukua nafasi ya gari. Haibebi watoto watatu kwenda shuleni, na katika ajali haina kinga ila kofia ya chuma.

Kwa ufupi, anayefanya biashara ya usafiri mjini karibu na vituo vya betri atafaidi pikipiki. Mwenye safari ndefu na asiye na mahali pa kuchajia ataokolewa na haibridi. Gari la umeme ni la mwenye soketi, safari anayoijua urefu wake na kilomita nyingi za kila siku. Asiye miongoni mwa hao anaweza kuendelea na matatu huku akiweka akiba.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kutia saini mkopo, mnunuzi aandike kilomita zake za mwezi mzima, kisha amuulize muuzaji: betri hii ni ya nani, ina umri gani, na mpya ni pesa ngapi? Muuzaji akisita kujibu, heri kuahirisha ununuzi.