Je, Wajua? Mganga Hajigangi

Je, wajua kwamba mshauri nasaha anayekusikiliza naye ana mtu wa kumsikiliza? Huyo huitwa msimamizi. Kazi yake si kuhesabu saa za kazi kama bosi wa ofisini. Ni mtaalamu mzoefu anayeketi na mshauri, wakaipitia kazi yake mteja mmoja mmoja: hapa ulikosea, hapa umechoka, hapa umeanza kubeba yasiyo yako. Jina la mteja kwa kawaida halitajwi.

Je, wajua kuwa utaratibu huu una zaidi ya miaka 100? Zahanati ya tiba ya nafsi iliyofunguliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1920, daktari Max Eitingon akiwa mmoja wa waanzilishi, iliwataka wanafunzi watibu wagonjwa huku mkubwa wao akifuatilia.

Je, wajua jinsi mwanasaikolojia Carl Rogers alivyowafundisha wanafunzi wake huko Ohio, Marekani, miaka ya 1940? Alirekodi mazungumzo ya tiba kwenye santuri, na kila baada ya dakika kama tatu ilibidi santuri igeuzwe au ibadilishwe. Taabu tupu! Lakini mwanafunzi aliweza kuisikia sauti yake mwenyewe ikimkatiza mgonjwa. Kitabu chake cha 1942 kilichapisha vikao vyote vinane vya mteja mmoja, neno kwa neno.

Hili ndilo linalonigusa zaidi. Mwaka 1955 daktari wa akili Harold Searles alieleza kwamba mshauri anaweza kuiga hali ya mteja wake bila kujitambua. Mteja kajibu kwa mkato, macho chini. Siku ya pili mshauri yuko mbele ya msimamizi, naye anajibu kwa mkato, macho chini. Msimamizi makini huyaona maumivu ya mtu ambaye hajawahi kukutana naye.

Je, wajua kwamba chama kikubwa cha washauri Uingereza, BACP, kinawadai wanachama wake wenye ithibati angalau saa moja na nusu ya usimamizi kila mwezi, hata kwa mwenye uzoefu wa miaka 30?

Na kuwa mshauri hodari hakukufanyi msimamizi. Marekani kuna cheti maalumu cha usimamizi, na anayekitafuta husomea kusimamia kwenyewe.

Kenya nayo iliiwekea kazi ya ushauri sheria yake mwaka 2014: Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia. Basi, msomaji, ukienda kwa mshauri muulize: "Wewe nani anakusimamia?" Ni swali la haki.