Maumivu Yakitulia, Jicho Huenda Halijapona

Jicho linapouma, hasa kiangazi vumbi linapotanda Nakuru, kichupa alichoandikiwa jirani mwaka jana huonekana msaada wa haraka, hata hapa Milimani ambako daktari hayuko mbali. Kinachowaponza wengi ni kuamini kwamba maumivu yakitulia, ugonjwa umekwisha. Yapo matone yanayotuliza huku jicho likizidi kuharibika. La kwanza ni la ganzi. Fundi wa jua kali akiingiwa na chembe ya chuma, daktari humtilia tone hilo ili aitoe, na maumivu hukatika mara moja. Lakini akilitumia nyumbani kila yanaporudi, utando wa juu wa konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, hushindwa kuziba kidonda, naye hasikii kinavyochimbika. Ndiyo maana dawa hiyo haistahili kutoka kliniki.

Steroidi, kama deksamethasoni, hudanganya kwa njia nyingine. Huondoa wekundu upesi kwa kutuliza kinga ya mwili, na ikiandikwa baada ya jicho kupimwa, huokoa uwezo wa kuona. Ila mkulima wa Njoro aliyechomwa jichoni na jani la mahindi huenda ana kuvu kidondani. Kinga ikizimwa, kuvu hustawi. Tena, kwa takribani mtu 1 kati ya 3, steroidi ikitumika wiki kadhaa hupandisha presha ya jicho, nayo kwa kawaida haiumi, ila huweza kuleta glakoma, ugonjwa unaopofusha polepole. Utafiti wa macho ulioanza Nakuru mwaka 2007, kwa watu zaidi ya 4,000 waliotimiza miaka 50, ulikuta glakoma kwa takribani 4 katika kila 100. Tusiwaongeze kwa dawa ya kuazima.

Wapo watakaosema foleni hospitalini ni ndefu, na kwamba dawa ileile iliwafaa zamani. La foleni ni kweli, na wana haki ya kulilalamikia. Hilo la pili ni dhaifu: macho mekundu ya virusi, kama yaliyozuka Mombasa mapema 2024, mara nyingi hupona yenyewe, na sifa ikaenda kwa kichupa kilichokuwa mkononi.

Aliyeandikiwa matone anawe mikono, avute kope ya chini, atie tone 1 tu, kwani jicho halibebi zaidi, kisha afumbe na kubana kona iliyo karibu na pua kwa dakika 1 au 2. Ncha ya kichupa isiguse jicho. Dawa nyingine isubiri dakika 5. Vichupa vingi hutupwa wiki 4 baada ya kufunguliwa, lebo isomwe. Steroidi isikatishwe ghafla bila kumuuliza daktari. Na jicho lisilostahimili mwanga, lililofifia, lililoumizwa au lenye maumivu huku likivaliwa lenzi, lipelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.